Kituo cha kijana mwenye usonji kipime saa tisa alasiri

*Swali: Shikamoo. Niko Ujiji. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, ana usonji pamoja na ulemavu wa akili. Alisoma kitengo maalumu cha shule ya msingi, tangu atoke yuko nyumbani tu. Anaongea maneno machache, mengine ya Kiha. Anakula mwenyewe, kuoga lazima asimamiwe, anameza dawa za kifafa, na akikasirika anajipiga kichwa. Ameshatoroka tukamkuta Kibirizi, ufukweni. Mama ana presha na miguu inamsumbua, mimi nina duka na watoto wadogo. Tumeambiwa kuna kituo Tabora kinapokea watu wazima kama yeye kwa malipo ya mwezi. Wajomba wanasema tunataka kumtupa. Nitajuaje kama kituo hicho ni kizuri? Na je, ni dhambi kumpeleka?*

Marahaba, dada. La wajomba tulimalize kwanza, maana ndilo jepesi. Mama mwenye presha anayemwinua kijana wa miaka 24 bafuni anaweza kuanguka naye, na hapo mtakuwa na wagonjwa wawili. Kutafuta msaada si kumtupa mtu. Mwulize mjomba anayelalamika ni siku gani ya wiki atakuja kumwogesha. Akitaja siku, mwandike kwenye ratiba. Asipotaja, mwache anywe kahawa yake.

La kituo ndilo zito. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka mingi, sehemu kubwa huku magharibi, na nimeingia vituo vingi, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Familia zikienda kutazama kituo huangalia geti, rangi ya ukuta, vitanda na sare za wafanyakazi. Ukifika saa nne asubuhi kama mgeni aliyealikwa, vitanda vitakuwa vimetandikwa vizuri sana. Mimi naangalia kitu kingine: saa tisa alasiri, siku ya kawaida, watu wazima wanaoishi pale wanafanya nini?

Mara nyingi ninachokuta ni hiki. Vijana kumi na wawili wamekaa kwenye benchi refu ukutani, vichwa vimenyolewa sawasawa. Mmoja amevaa fulana ya mwenzake inayombana makwapani. Mwingine anajitikisa mbele na nyuma. Mlezi yuko mlangoni na simu yake. Hakuna anayepigwa, hakuna mwenye njaa, sakafu imepigwa deki inang'aa. Kituo cha namna hiyo kinaweza kupita ukaguzi bila taabu, na kwangu mimi ni kibovu. Mtu anayekaa kwenye benchi kila siku kwa miaka mitano hupoteza hata kile alichokuja anakiweza. Aliyekuja anavaa shati mwenyewe atakuwa anavishwa.

Kwenye kituo kingine nilimkuta kijana asiyesema neno akichambua mchele na mlezi wake. Mlezi hakumfanyia, wala hakumwachia ungo akaenda zake. Alisogeza mchele kidogo kidogo, jiwe likaonekana, akangoja. Kijana alipochelewa kulichukua alimgusa kiwiko, basi. Angechambua peke yake angemaliza upesi, na siku ile chakula kilichelewa. Kituo ambacho chakula kinachelewa kwa sababu hiyo, mimi namwambia mzazi akifikirie.

Haya si maoni yangu peke yangu. Huko Uingereza, Jim Mansell wa Chuo Kikuu cha Kent, aliyefariki mwaka 2012, alitumia maisha yake ya kazi kuyapima. Yeye na wenzake, akiwemo Julie Beadle-Brown, walikuwa wakikaa ndani ya nyumba wanazoishi watu wenye ulemavu wa akili na kuandika, dakika baada ya dakika, mtu anafanya nini na nani anamsaidia. Nyumba ndogo ilionekana kuwa bora kuliko jengo kubwa, na fedha na idadi ya wafanyakazi vilisaidia, lakini havikutosha. Kilichopambanua nyumba nzuri na mbaya ni jinsi mfanyakazi anavyomsaidia mtu kushiriki shughuli za kila siku: kupika, kufua, kwenda dukani. Hata mimi nimeona kituo kikiongezewa walezi wawili, nao wakapata wa kupiga soga naye huku benchi likibaki vilevile.

Lakini angalia upande wa pili pia. Kuna vituo vinavyojisifia shughuli kumbe wakazi ni vibarua wa shamba la mwenye kituo. Uliza mazao yanakwenda wapi, na kama mtu akikataa kulima leo inakuwaje. Ukijibiwa kwamba hakuna anayekataa, umeshapata jibu.

Usidanganywe na bei. Mwaka 2011 televisheni ya BBC ilimwingiza mwandishi kwa siri, kama mfanyakazi, katika hospitali binafsi ya Winterbourne View karibu na Bristol. Wagonjwa walikuwa watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Kamera ilionyesha wakipigwa, wakikandamizwa sakafuni, wakimwagiwa maji wakiwa na nguo zao. Wafanyakazi 11 walipatikana na hatia na 6 kati yao wakafungwa. Malipo pale yalikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa, ikilipa serikali. Nchi ile ina mamlaka ya ukaguzi yenye fedha na wataalamu, na muuguzi mmoja alikuwa ameshapeleka malalamiko kabla ya kamera kuingia. Halikufanyika la maana. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wamepelekwa mbali na kwao, na ndugu waliokuja hawakuruhusiwa kupita chumba cha wageni.

Karibu na kwetu kuna lililo baya zaidi. Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, ili kubana matumizi, iliwaondoa watu zaidi ya 1,300 wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili kutoka vituo vya Life Esidimeni na kuwasambaza kwenye vikundi vya kujitolea. Watu 144 walikufa. Wengine walikufa kwa njaa, kiu na baridi. Uchunguzi wa Malegapuru Makgoba, mchunguzi rasmi wa malalamiko ya afya wa nchi ile, uliotolewa Februari 2017, ulikuta kwamba leseni za vikundi vyote 27 hazikuwa halali. Watu walihamishwa bila mafaili yao, na familia nyingine zilizunguka wiki nyingi zikimtafuta ndugu yao. Nakusimulia haya kwa sababu ya mambo matatu utakayoyakuta hapa chini: leseni, faili na mlango wa ndugu.

Sasa Tabora. Kwa reli, kutoka Kigoma ni kilomita 400 na ushee. Hilo ndilo linanisumbua kuliko yote uliyoandika. Ulinzi wa kwanza wa mtu asiyeweza kusema ni ndugu anayetokea bila taarifa, na wewe una duka na watoto. Mwaka wa kwanza utakwenda. Mwaka wa pili utatuma hela kwa simu. Wa Kigoma mnaijua Kabanga kule Kasulu, walikokimbiziwa watoto wenye ualbino wakati wa mauaji yale. Uhai waliupata, hilo hakuna wa kulikanusha, lakini wapo waliokaa miaka mpaka nyumbani kwao wakawa wageni. Kama kingekuwepo kituo cha wastani Kasulu na kizuri sana Tabora, ningekushauri Kasulu, ili mradi mlango uko wazi kwako saa zote.

Ukienda, uliza usajili. Hapa kuna pengo ambalo watu wengi hawalioni. Vituo vingi tunavyovifahamu vimepewa leseni ya makao ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, na mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18. Mdogo wako ana 24. Kituo chenye leseni ya watoto kikimlaza kijana wa umri huo chumba kimoja na watoto, kinawahatarisha watoto na kinamhatarisha yeye, maana siku likitokea la kutokea atakayenyooshewa kidole ni yule asiyeweza kujieleza. Upande wa pili yapo makazi ya serikali ya wazee na wasiojiweza, kama Ipuli pale Tabora, ambayo hayakupangwa kwa kijana mwenye nguvu na miguu ya kutembea. Kwa hiyo usiridhike na cheti kilichowekewa fremu ukutani. Kisome. Kimeandikwa kuhudumia nani, na kinaisha lini?

Dawa nazo. Mdogo wako anatumia za kifafa, na takribani mtu mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili ana kifafa, kwa hiyo kituo kinachopokea watu hawa lazima kikijue kifafa kama kinavyojua malaria. Waulize: akianguka degedege mnafanya nini? Ukisikia kijiko mdomoni, shukuru kwa chai uondoke. Jibu unalolitaka ni kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu yake, kutazama saa, na kukimbilia hospitali ikizidi dakika tano. Dawa kama fenobabito haikatwi ghafla. Ikikatwa inaweza kuleta degedege lisiloisha. Asiondoke Ujiji bila akiba ya mwezi mzima na barua ya kliniki ya hospitali ya Maweni kwenda hospitali ya Kitete, Tabora, ili faili lisipotee njiani.

Kisha uliza dawa za kutuliza. Dawa kama Largactil na haloperidoli ni za maradhi ya akili, na wapo wanaozihitaji. Lakini vituoni hutumika pia kumnyamazisha mtu msumbufu ili walezi wapumzike. Si kwetu tu: mwaka 2015 huko England mamlaka ya afya ya umma ilikadiria kwamba kila siku watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wanapewa dawa za namna hiyo, au za sonona, au zote mbili, bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampeni ya kuzipunguza. Utawaona tu wenyewe ukikaa: mate yanatoka, mikono inatetemeka, wanaburuza miguu, na wako hivyo karibu wote. Dai kwamba asiongezewe dawa yoyote kabla hujapigiwa simu na kuambiwa daktari gani ameiandika na kwa ugonjwa gani.

Hapo ndipo inapoingia habari ya kujipiga kichwa. Mtu asiyeweza kusema "jino linaniuma" anaweza kusema kwa ngumi. Kabla ya kufikiria hasira, fikiria jino, sikio, malaria, na hasa choo kigumu, ambacho ni cha kawaida mno kwa watu hawa na hakuna anayekiuliza. Mpeleke kwa daktari wa meno sasa, kabla ya safari yoyote. Kituoni waulize mtu akianza kujipiga wanafanya nini kwanza. Nimewahi kujibiwa na mlezi wa darasa la saba, "Namtazama masikio na tumbo, halafu naangalia ni nani kamkalia karibu." Yule mama hakuwa na cheti chochote, na ningemwachia mwanangu. Mwenzake mwenye stashahada aliniambia wanamfungia chumbani mpaka atulie. Omba kuona daftari la matukio. Likiwa tupu kwa mwaka mzima, haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea.

Kuhusu usiku sitasema mengi: nani analala pale, wangapi, na kufuli liko upande gani wa mlango. Mlango uliofungwa kwa nje pamoja na nondo za madirishani, ukitokea moto, ni kifo. Anayemwogesha awe mwanamume, na asiwe peke yake siku zote. Unyanyasaji wa kingono unawapata wanaume wenye ulemavu wa akili pia, ingawa jamii yetu haipendi kulisikia. Akirudi anaogopa kuvua nguo, au ana michubuko isiyo na maelezo, usianze na uongozi wa kituo. Anza na hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko ya vituo.

Zungumza na mpishi na mlinzi. Waulize wana muda gani pale na mshahara wa mwezi uliopita uliingia lini. Mkurugenzi atakupa maono ya kituo; mpishi atakuambia kama nyama ya Jumapili ni ya kila Jumapili. Mlezi anayedai miezi mitatu hawezi kuwa na subira ya kuchambua mchele na mtu.

Lakini, dada, kabla ya Tabora kuna hatua naona mmeiruka. Unaandika kana kwamba kuna nyumbani au kuna kituo, hakuna katikati. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara ya 19 inampa mtu kama mdogo wako haki ya kuishi kwenye jamii na kupewa msaada wa kuishi humo. Kwenye karatasi ni nzuri, kwenye mtaa wako inahitaji akili. Piga hesabu ya malipo ya kituo kwa mwezi, ongeza nauli zako, halafu uliza kwa fedha hiyo unaweza kumlipa kijana gani wa mtaani, mwenye subira na nguvu, awe naye kuanzia asubuhi hadi alasiri na amwogeshe kabla ya kuondoka. Mara nyingi inatosha. Mama anabaki na jioni tu, na wajomba, kama nilivyosema, wana siku zao.

Na Kibirizi je? Ametoroka akaenda palepale. Mfuatilie siku moja kwa mbali umwone anasimama wapi. Inawezekana ni maji, na hapo hatari ni kubwa, asiachwe kamwe bila mtu. Inawezekana ni dagaa. Kuanika na kugeuza dagaa ni kazi ya kurudiarudia, yenye mpangilio, na vijana wengi wenye usonji huipenda kazi ya namna hiyo kuliko unavyodhani. Mama mmoja mfanyabiashara anayekubali kumpokea saa mbili kwa siku, akiwa na msaidizi wake, ana thamani kuliko benchi la kituo chochote. Alipwe hata kama ni kwa dagaa za mboga.

Ulizia pia Luanzari, chuo cha ufundi cha serikali kwa watu wenye ulemavu kilichopo Tabora. Kwa unavyomweleza mdogo wako sidhani kama atayaweza mafunzo ya kule, lakini huenda yuko mzazi mwenzako ambaye mwanawe atafaa. Watafute hao wazazi, maana hawakosekani Ujiji, Gungu na Mwanga. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, 2 ni za watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, imeweka kamati zao kuanzia mtaa na kijiji. Kama ya mtaa wenu imelala, mwenyekiti wa mtaa ndiye wa kuamshwa.

Mkishajaribu haya na bado mama hawezi, basi nenda, lakini kwa masharti. Mpime uzito kabla hajaondoka na umpime tena baada ya miezi miwili; mzani hausemi uongo, na kule Gauteng ungesema mapema. Mtu wa nyumbani alale naye siku za mwanzo. Simu ya video kila wiki, hata kama hasemi, umwone ngozi na macho. Mkataba uandike kwamba ndugu anaingia saa yoyote mpaka chumba cha kulala, na kwamba mnaweza kumchukua bila kudaiwa malipo ya miezi ijayo. Kitambulisho chake cha NIDA kibaki kwako, wape nakala. Na kama kuna sehemu yake kwenye kiwanja cha baba, isiguswe na kituo wala na mjomba.

Kaa na mama jioni moja, na daftari. Aandike, au aseme uandike, kila anachokijua yeye tu. Kijana akisema "amazi", yaani maji, huku anashika shingo ana kiu, akisema "amazi" huku anavuta shati anataka kuoga. Mboga isimwagwe juu ya ugali, iwekwe pembeni. Asishikwe kwa nyuma. Degedege huanza kwa dalili gani, dakika ngapi kabla. Wimbo gani wa kaswida au kwaya unamtuliza. Ukurasa mmoja wa hivi una kazi iwe amekwenda Tabora au amepata msaidizi palepale Ujiji, na mlezi wa Tabora asiyejua Kiha bila huo ukurasa atamwona mdogo wako ni mkorofi.

Wiki hii nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Waombe wawaandikie wenzao wa Tabora kuuliza kituo hicho kimesajiliwa kuhudumia watu wa umri gani na kilikaguliwa lini mara ya mwisho, na wakupe jibu kwa maandishi. Usilipe hata fomu kabla halijafika. Likifika, nitumie nilisome, halafu panda treni peke yako, bila kuwaarifu, na ujipange ufike getini saa tisa.